Miaka Iliyoliwa na Nzige Ilikuwa ya Nani? Kisa cha mzee wa kanisa aliyerudi Bukavu

Neno kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika kanisa moja la kiprotestanti lililoko komini ya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), ambako mimi ni mchungaji msaidizi. Majina yameondolewa, hesabu za fedha zimesogezwa kidogo, na mambo kadhaa ya familia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Wao wenyewe walisomewa maandishi haya kabla hayajatoka, wakarekebisha walipoona nimekosea, wakakubali. Ninakiandika kwa ajili ya wachungaji, wazee na mashemasi ambao siku moja watampokea mtu aliyeanguka na kurudi, kwa sababu sisi tulimpokea kwa furaha ya kweli na bado tukakosea mahali pakubwa.

Mazingira

Mwaka 2014 wamama 23 wa kanisa letu walianzisha kikundi cha kuweka na kukopa, cha aina ile inayojulikana mjini kwetu kwa jina la AVEC. Wengi wao walikuwa wauzaji wa sambaza (dagaa wa ziwa Kivu), sombe (kisamvu) na makala (mkaa) katika soko la Kadutu, na wawili walikuwa wabebaji wa mizigo mgongoni. Kila juma mwanachama alinunua hisa kwa kadiri ya alichopata, fedha zikawekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na mwisho wa Agosti sanduku likafunguliwa mbele ya wote na kila mmoja akapewa akiba yake pamoja na faida ya mikopo. Mwezi wa Agosti haukuchaguliwa ovyo. Shule hufunguliwa Septemba, na wakati ule elimu ya msingi ya bure katika shule za serikali ilikuwa haijaanza. Ilianza Septemba 2019. Kabla ya hapo mzazi ndiye aliyebeba hata fungu la kumlipa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa hiyo mgawo wa Agosti, kwa wengi wa wamama hawa, ndio uliokuwa karo.

Sheria ya kikundi cha namna hii ni kwamba funguo tatu hushikwa na watu watatu tofauti, wala si na yule anayetunza sanduku. Sanduku lilitunzwa nyumbani kwa Papa B., mzee wa kanisa na seremala mwenye karakana yake, ambaye mkewe, Mama B., alikuwa mmoja wa wanachama. Mama mmoja mwenye ufunguo alihama, akamwachia Papa B.; wa pili alikuwa akisafiri mara kwa mara kwenda Uvira kwa biashara, naye akaona afadhali amwachie; wa tatu akafuata. Kufikia mwaka 2016 funguo zote tatu zilikuwa zikining'inia kwenye msumari mmoja sebuleni kwake, na sisi wachungaji tuliokuwa tukiingia humo kunywa chai tuliziona bila kusema neno.

Mfuatano wa mambo

Mnamo Juni 2017 mfanyabiashara wa dhahabu alimwahidi Papa B. kumrudishia fedha maradufu baada ya majuma mawili. Alichukua dola 400 kutoka katika sanduku, akijiambia kwamba ni mkopo. Hazikurudi. Akachukua nyingine ili aziokoe zile za kwanza, na kufikia katikati ya Agosti sanduku lililotakiwa kuwa na dola zipatazo 3,400 lilikuwa limebaki na madaftari ya hisa tu. Siku mbili kabla ya mgawo alipanda lori la mizigo usiku kuelekea Kamituga, mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, asimuage mkewe wala watoto wake wanne.

Kilichofuata nyumbani kwake ndicho nilichochelewa sana kukitazama. Wamama, kwa uchungu unaoeleweka, walimwendea Mama B. wakachukua viti, cherehani na sufuria. Hakuna aliyemwamini aliposema hakujua, ingawa hisa zake mwenyewe zilikuwa zimepotea pamoja na za wenzake. Alihamia chumba kimoja kwenye mteremko, akaanza kuuza sambaza kwa vikombe, na mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 15 wakati ule, akaacha shule akawa anabeba mchanga kwenye ujenzi. Kanisani hakuna aliyemfukuza. Ila alipoketi benchi la mbele kama zamani, walioketi naye walihama, hata akajihamisha mwenyewe hadi nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikaa hapo karibu miaka minne.

Papa B. aliishi kama wanavyoishi wengi mashimoni: siku ya kupata ni siku ya kutumia. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa iliangusha machimbo ya Kamituga na wachimbaji wapatao 50 wakafa chini ya udongo. Yeye hakuwa shimoni siku ile, lakini kijana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alikuwemo. Papa B. alishiriki siku za kuchimbua miili, kisha akaanza kuhudhuria maombi ya alfajiri ya kikundi kidogo cha wachimbaji, na humo, kwa maneno yake, akaacha kujihesabia haki. Sina shaka kwamba Mungu alimkuta kule. Niliyaona matunda yake baadaye, na miaka imeyapima.

Alirudi Bukavu Aprili 2021. Jumapili ya pili alisimamishwa madhabahuni atoe ushuhuda. Kwaya iliimba, watu walilia, na mimi nikahubiri Yoeli 2:25, ahadi ya Bwana ya kuwarudishia watu miaka iliyoliwa na nzige. Baada ya ibada walimbeba juu juu hadi uani. Mwezi Julai kamati ya wazee ikapokea pendekezo la kumrudishia cheo chake cha uzee wa kanisa, ili, kama pendekezo lilivyosema, "msamaha uonekane".

Katika miezi hiyo mitatu wamama tisa waliacha kuja kanisani. Tulidhani ni mvua, kisha tukadhani ni magonjwa. Nilipomtembelea mmoja wao sokoni, mjane aliyekuwa amepoteza dola 210, nikamweleza kwamba chuki ni mzigo na Kristo anataka kumwondolea, alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika karai lake la samaki, akasema: "Pasta, mi siko na chuki. Niko na deni." Kisha akaniuliza lile neno la nzige nilimhubiria nani.

Nilirudi nyumbani nikalisoma upya lile somo. Ahadi ya Yoeli walipewa watu ambao mashamba yao yaliliwa. Katika kisa chetu waliolia kwa kuliwa mashamba walikuwa wamama 23 na nyumba ya Mama B., na Papa B. alikuwa ndiye nzige. Nilichukua ahadi ya walioporwa nikampa aliyepora, mbele yao, wakiwa wameketi.

Maamuzi na sababu zake

Jambo la kwanza tuliloamua, Agosti 2021, ni kusimamisha pendekezo la uzee na kumwomba Papa B. asihubiri wala kutoa ushuhuda kwa muda usiotajwa. Tulimweleza wazi kwamba si adhabu na kwamba hatumshuku wokovu wake. Alikasirika kwa majuma kadhaa, kisha akakubali. Mzee wa miaka 70 na kitu, mstaafu wa ualimu asiye na maneno mengi, alikubali kukutana naye kila Alhamisi, wasome Zaburi ya 51 polepole na kuongea kuhusu juma lililopita.

Jambo la pili lilituchukua muda mrefu zaidi, nalo ndilo kiini cha yote. Tuliwakutanisha wamama peke yao, bila Papa B. na bila mwanaume yeyote isipokuwa mimi niliyekuwa mwandishi. Kila mmoja alisema alichopoteza, na tuliandika katika daftari la shule, ukurasa mmoja kwa kila mama. Nilitarajia orodha ya dola. Nilipata kwamba binti fulani alikosa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, kwamba ndoa moja ilivunjika kwa sababu mume alidai mkewe alizificha fedha hizo, kwamba mama mmoja aliuza kiwanja cha marehemu baba yake ili alipe mkopo aliokuwa amechukua mahali pengine akitegemea mgawo. Vikao vilikuwa vinne. Mama B. alialikwa kama mwanachama wa kawaida, mwenye ukurasa wake, na katika kikao cha tatu alisema maneno ambayo nimeruhusiwa kuyaandika: "Aliyekimbia mmempigia makofi, mimi niliyebaki mlinihama."

Wawili kati ya wamama walikuwa wamefungua mashtaka mwaka 2017, kwani kula fedha ulizokabidhiwa ni kosa mbele ya sheria ya nchi. Baadhi ya wazee walitaka waombwe kuyafuta kama ishara ya imani. Tulikataa. Kanisa halina mamlaka ya kumzuia mtu aliyedhulumiwa asiende kwa hakimu, na upatanisho unaotanguliwa na shinikizo hauwezi kudumu. Mmoja aliacha kesi kwa hiari yake. Mwingine alilishika faili lake mpaka alipolipwa senti ya mwisho, na hakuna aliyemlaumu.

Oktoba 2021 Papa B. alikutana na wamama katika ukumbi ule ule ambamo mgawo wa 2017 ungefanyika. Tulifikiria kuhusu Petro: alimkana Bwana kando ya moto wa makaa, na Yohana anatueleza kwamba Bwana aliyefufuka alimngojea ufuoni kando ya moto wa makaa vilevile, akamuuliza mara tatu. Sharti letu kwa Papa B. lilikuwa moja, kwamba siku hiyo asikilize tu, asijieleze, na hasa asitamke kwamba Mungu amekwisha kumsamehe. Kurasa 23 zilisomwa. Ilichukua zaidi ya saa tatu. Mwishoni aliomba daftari, akatia sahihi chini ya kila ukurasa.

Kuhusu malipo, tulisoma Hesabu 5:6-8, panapoagizwa kwamba aliyedhulumu arudishe kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano. Papa B. alisema ataongeza. Wamama walijadiliana wenyewe. Kumi na mmoja wakaikataa nyongeza hiyo, wengine wakaitaka, na kila mmoja akaandikiwa alivyoamua. Fedha zingepokelewa na wamama watatu, kila mwezi, na asiye na mtoto shuleni angengoja mwenye mtoto shuleni alipwe kwanza. Yule mjane wa soko la Kadutu aliomba awe wa mwisho.

Kanisa nalo lilikuwa na deni lake. Sanduku lilipelekwa kwa Papa B. kwa ushauri wa mchungaji, na funguo tuliziona. Paulo alimwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake yeye Paulo, ahadi iliyotoka kwa mtu ambaye hakuiba chochote. Sisi tulikuwa na sababu kubwa kuliko yake. Halmashauri ilichelewa miezi saba kulikubali jambo hili, lakini hatimaye ililipa karo ya mwaka mzima ya watoto sita walioacha shule kwa ajili ya hasara ile na waliokuwa bado tayari kurudi. Hatukulipunguza deni la Papa B. hata kwa franka moja.

Juu ya ndoa tuliamua kutoamua. Nilikuwa nimekwisha kupanga ibada ya upatanisho, na Mama B. aliikataa. Alitaka mumewe akae kwa kaka yake, apimwe afya hospitalini, alete chakula cha watoto kila Jumamosi akiwa amekiweka mlangoni, na asiingie ndani mpaka yeye mwenyewe amkaribishe.

Matokeo

Papa B. alianza kwa kibarua cha ujenzi, baadaye akapata kona katika karakana ya seremala mwingine, akitengeneza milango na vitanda. Kufikia Desemba 2024 wamama 18 kati ya 23 walikuwa wamelipwa deni lao lote. Mmoja alifariki mwaka 2022 kabla ya zamu yake kufika, na kwa kuwa andiko lile la Hesabu linasema hata juu ya anayedai ambaye hayupo tena, fedha zilipelekwa kwa binti zake Uvira. Vita vilipofika Bukavu katikati ya Februari 2025, mabenki yakafungwa na wateja wa milango wakatawanyika, malipo yakasimama kwa miezi mingi. Yameanza tena kwa vijisehemu vidogo. Mjane wa sokoni bado anadai dola 60.

Kati ya wamama tisa walioacha kuja, saba wamerudi. Kikundi kilianza upya mwaka 2023. Papa B. aliwatengenezea sanduku la mbao ngumu, akalileta kwa unyenyekevu. Walimshukuru, wakalikataa, wakanunua la chuma. Lile la mbao linakaa karakanani kwake likiwa na misumari na randa. Funguo za lile la chuma ziko katika nyumba tatu tofauti, na hakuna hata moja iliyo ya mchungaji au mzee.

Mama B. alimkaribisha mumewe nyumbani baada ya miezi 14, Jumamosi moja bila sherehe, alipomwambia aingize ule unga ndani kwa sababu mvua inanyesha. Uzee wa kanisa haukurudishwa. Jambo hilo lilipoulizwa tena mwaka 2024, ni Papa B. mwenyewe aliyesema apewe kazi ya kukarabati mabenchi.

Uchambuzi

Kosa letu kubwa halikuwa haraka peke yake, ingawa haraka ilikuwepo. Tulidhani neema na urejesho ni tendo moja. Naamini kwa moyo wote kwamba msamaha wa Mungu ulimfikia Papa B. kule Kamituga mara moja na kwa ukamilifu, kabla hajalipa hata franka. Zakayo naye alitembelewa na Bwana kabla hajasema atarudisha mara nne. Lakini alisema, tena akiwa amesimama, na fedha zile zilikuwa na wenyewe waliojulikana Yeriko. Neema iliyoingia nyumbani kwake ikatoka nje ikawatafuta aliowanyang'anya. Kwetu tuliifungia madhabahuni.

Katika Wagalatia 6:1 Paulo anaagiza aliyeanguka arejezwe upya kwa upole, na kitenzi anachotumia katika Kigiriki ndicho kilichotumika katika Marko 1:19 kwa wana wa Zebedayo waliokuwa wakitengeneza nyavu. Wavuvi wetu wa ziwa Kivu wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Wavu wa sambaza una matundu madogo sana, na fundi huukunjua wote kwenye mwanga atafute ulipochanika kabla ya kushika uzi. Vile vikao vinne vya wamama vilikuwa kuukunjua wavu. Sisi tulikuwa tumeanza na uzi.

Ushuhuda wa Jumapili ile ulikuwa wa kweli, na huo ndio ugumu wake. Kama angesema uongo, tungegundua upesi. Alisema kweli kuhusu yeye na Mungu, na katika dakika zake 40 hakumtaja hata mama mmoja. Sasa, kabla ya mtu aliyerudi kusimamishwa mbele ya watu, tunamuuliza kama wale aliowaumiza wamo humu ndani, na kama wamekwisha kuzungumza wao kwanza.

Yapo yaliyofaulu ambayo singeyatabiri. Kule kumkataza asijieleze siku ya kurasa 23 kulimsaidia yeye kuliko kulivyowasaidia wamama. Aliniambia baadaye kwamba Kamituga alitubu kosa la kuiba fedha, na ukumbini ndipo alipotubu juu ya yule binti na mtihani wake. Ratiba ndefu ya malipo ilimlinda pia. Mwanaume aliyerudi bila kitu, asiye na cheo wala heshima, alikuwa na kazi ya kila mwezi iliyomwonyesha kwamba mikono yake bado inafaa.

Kuna tulichokishindwa na bado hatujakitengeneza. Mama B. aliombwa radhi na wamama, mmoja mmoja, nyumbani kwake, na cherehani yake ilirudi. Kanisa kwa jumla halijawahi kusimama na kukiri mbele yake juu ya lile benchi la nyuma. Nimelileta jambo hili katika halmashauri mara mbili, likaahirishwa kwa hoja kwamba yamepita. Hayajapita kwa aliyeketi pale, na nitalileta tena.

Kuhusu kijana wao mkubwa, hatukuwa na ukurasa wake katika daftari, kwa sababu hakuwa mwanachama wa kikundi, na hakuna aliyefikiria kumuuliza alichopoteza. Sasa ana familia yake huko Bagira na kazi ya pikipiki. Kwa miaka yote hii amezungumza na mama yake pekee. Miezi michache iliyopita alimpigia simu mama huyo, akamtajia vipimo vya mlango wa chumba alichokuwa akikijenga, urefu na upana, asiseme utengenezwe na nani. Papa B. aliutengeneza kwa siku nne. Umeegemezwa ukutani karakanani, umekwisha kupigwa rangi, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyekuja kuuchukua.